Ubao Mweupe wa Jukwaani

Nilishuka kwenye treni nikiwa na makopo mawili ya rangi, ngazi ya kukunja na barua yenye mstari mmoja: Nenda ukaandike jina la stesheni. Barua haikusema jina lenyewe. Sikujali. Nilidhani nikifika nitalikuta, maana niliamini siku zile kwamba jina la mahali hukaa pale pale mahali penyewe, kama harufu au vumbi, na kazi ya fundi wa maandishi ni kulinyanyua tu na kulibandika juu, watu walione.

Nilichokikuta ni ubao mweupe. Ulikuwa mwisho wa jukwaa, juu ya nguzo mbili za chuma, mrefu kama mlango uliolazwa, hauna herufi hata moja. Nyuma yake ulipita mto. Kushoto, ukuta kwa ukuta na stesheni, palikuwa na kiwanda kikubwa cha kutia nguo rangi, chenye mabomba saba ya moshi. Kulia palikuwa na daraja la reli, jembamba, halina njia ya miguu. Siku hiyo mto ulikuwa wa manjano.

Mtu mwembamba alinijia haraka haraka. Koti lake lilikuwa na vifungo vya shaba vilivyosuguliwa vikang'aa, na kwapani alibana bendera mbili, ya kijani na nyekundu.

"Karibu, fundi. Mimi ni Lugendo, mkuu wa stesheni. Umeniletea jina?"

"Nilidhani wewe ndiye utanipa, Bwana Lugendo."

Tukatazamana kama watu wawili waliopeana mkono gizani, kila mmoja akidhani ameshika mkono wa mwingine. Kisha akainamisha kichwa.

"Jina lilikuwepo nilipohamishiwa hapa," alisema. "Lilikuwa limefifia. Mvuke wa kiwandani unakula rangi. Nikasema nitauliza kesho. Kesho ikapita. Ukapita mwaka, nikaona haya. Mkuu wa stesheni atamwulizaje mtu, samahani, hapa nilipo mimi ni wapi?"

"Una miaka mingapi hapa?"

"Kumi na saba."

"Treni ikifika unatangaza nini?"

"Nasema, tumefika. Abiria hushuka. Hakuna aliyewahi kulalamika."

Alinionyesha barua aliyoipokea yeye. Treni ya wakaguzi ingepita siku ya nyekundu. Kila stesheni itakayokutwa haina jina itafutwa kwenye orodha, na treni zitaipita bila kusimama.

"Siku ya nyekundu ndiyo lini?"

"Leo manjano. Kesho kijani. Kesho kutwa nyekundu. Labda meneja wa kiwanda abadili mawazo."

Ndivyo nilivyojua kwamba mji ule hauna Jumatatu wala Alhamisi. Kiwanda humwaga mtoni maji ya kuoshea nguo, na watu huitambua siku kwa rangi ya maji. Mtoto huambiwa alizaliwa siku ya zambarau. Wanandoa hukumbuka walioana buluu ya pili baada ya mvua. Saa nazo hutoka kiwandani. King'ora kikilia mara moja ni asubuhi, kikilia mara mbili ni mchana, hata kama jua linasema vingine, na Lugendo hukimbilia saa yake ya ukutani kuisogeza mishale ifuate king'ora. Nilimwona akifanya hivyo saa ile ile niliyofika. Alipanda kwenye stuli, akairudisha nyuma saa nzima, akashuka akipangusa mikono. Nikajiuliza ile saa moja imekwenda wapi. Kuna watu waliokuwa wameshaitumia. Kuna aliyekuwa ameshakula ndani yake, kuna aliyekuwa ameshasamehewa. Je, mtu mmoja aliyekaa ofisini akivuta kamba ya king'ora, anaweza kuwarudisha wote hao mlangoni na kuwaambia hamjaingia bado? Na kama anaweza kuitawala saa, ambayo hakuna aliyewahi kuishika, atashindwa nini kulitawala jina, ambalo kila mtu analo mdomoni?

Nilikuja kuandika. Nikajikuta nataka kujua.

Nilianzia kwa mama aliyeuza chai na mihogo ya kuchemsha chini ya upenu wa stesheni. Aliitwa Bi Mwanakheri. Uso wake ulikuwa na mikunjo mingi midogo, na macho makali ya mtu asiyepitwa na jambo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwantumu."

"Mimi si Mwantumu, Mama. Ni mgeni. Nimekuja kuandika ubao."

"Ndivyo unavyosema. Kaa, unywe chai."

Huyo Mwantumu, alinieleza, alikuwa msichana aliyewachotea maji wajenzi wa daraja, akaondoka na treni ya kwanza kabisa. Alikuwa na mwendo kama wangu na alishika kikombe kwa mikono miwili kama ninavyoshika mimi. Nilitazama mikono yangu. Kweli nilikuwa nimeshika kwa mikono miwili. Sikukumbuka kama ndivyo nilivyofanya siku zote au nimeanza pale.

"Mji huu unaitwaje, Mama?"

Alicheka. "Sisi tunasema nyumbani. Mnaohitaji jina ni ninyi mnaoondoka, mpate kusema mmetoka wapi."

Kisha akaacha kucheka. Alikuwa na binti, Siwema, aliyeishi vituo vinne mbele, na binti huyo alikuwa ameandika kwamba anamleta mtoto wake wa kwanza aje kuonwa na bibi. Barua ilisomwa na Lugendo, kwa kuwa Bi Mwanakheri hakujua kusoma. "Amesema atakuja siku hizi hizi," alisema, "treni ikisimama."

Nilipita mjini mchana kutwa. Mlinzi wa kiwandani aliniita Bi Salha, akaniuliza kama nimepona mgongo. Fundi viatu aliniita dada, akanikumbusha ahadi ambayo sikuitoa. Mwanzoni nilikanusha. Kufikia jioni nilikuwa nimechoka kukanusha, na kwa aliyefuata nikaitika tu, nione kitakachotokea. Hakikutokea kitu. Alifurahi, tukazungumza, tukaagana. Jina lisilo langu lilinikaa bila kunibana popote.

Na kila niliyemwuliza jina la mji alinipa la kwake. Wakulima wa ng'ambo walisema Kwembago, kwa kuwa Mbago ndiye aliyefyeka kichaka cha kwanza. Wafua nguo walisema Majirangi. Mwalimu mmoja aliyestaafu alinipa jina refu sana, nikamwomba alirudie, akalirudia tofauti. Niliyaandika yote kwenye kipande cha kadibodi. Yalifika kumi na moja.

Meneja alinipokea ofisini, dirisha lake likitazama mtoni. Aliitwa Shebughe, mtu mwenye adabu na sauti ya chini, ambaye hakuwahi kuhitaji kuipandisha.

"Andika Rangibora," alisema. "Ni jina la kiwanda. Liko kwenye sare, kwenye magunia, kwenye magari. Watu wameshalivaa, wewe unalitundika tu."

"Na kabla ya kiwanda, hapa paliitwaje?"

"Kabla ya kiwanda," alinijibu kwa upole, "hapakuwa hapa."

Akaniahidi kazi ya kuandika kuta zote za kiwanda, kazi ya miaka kumi. Nilimwambia nitafikiri. Aliniambia kufikiri ni jambo zuri, mradi nimalize kabla ya nyekundu.

Siku ya pili mto ulikuwa kijani. Nilisimamisha ngazi, nikapanda na penseli nipime nafasi za herufi ambazo sikuzijua. Juu pale niliona mbali. Niliona reli ikitoka darajani hadi kwenye vilima. Niliona jua, lilikuwa bado halijafika utosini. King'ora kikalia mara mbili.

Lugendo akatoka mbio, akaisogeza saa. Mchana ulikuwa umeingia. Na mchana ulipoingia, treni ya mizigo ya kiwanda hutoka, haiulizi. Lugendo akapandisha bendera ya kijani. Treni ikaguna, ikaanza kujivuta kuelekea darajani.

Hapo ndipo nilipomwona mwanamke katikati ya daraja. Alikuwa na furushi kichwani na mtoto mgongoni, anakanyaga mataruma, zile mbao zinazobeba reli, moja baada ya jingine, macho chini, maana baina ya mataruma yale huonekana maji tu.

"Kuna mtu darajani!" nilipiga kelele. "Lugendo! Ana mtoto!"

Bi Mwanakheri aliinuka. Birika lilimponyoka, chai ikatapakaa sakafuni. Alimtazama Lugendo.

Nami nilimtazama. Nilikuwa juu yake, nikaona utosi wa kofia yake na mkono ulioinua bendera ya kijani. Treni ya kiwanda haisimamishwi bila idhini ya meneja. Sheria hiyo ilibandikwa ofisini kwake, miaka kumi na saba ameisoma kila asubuhi. Mkono ule haukushuka. Nilihesabu: behewa moja likanipita. La pili. La tatu. Nikawaza, hivi ndivyo mtu anavyokuwa kitu cha mwingine. Hafungwi kamba. Hupewa tu bendera na saa.

Behewa la nne. Kisha bendera ya kijani ikaanguka chini, na Lugendo alikuwa anakimbia kando ya treni akiipunga nyekundu kwa mikono yote miwili, koti limefunguka, kofia imebaki nyuma kwenye kokoto.

Treni ilisimama magurudumu yake ya mbele yakiwa tayari darajani. Mwanamke alijibana kwenye vyuma vya pembeni, akapita ubavuni mwa injini polepole, mkono mmoja ukimshika mtoto kwa nyuma. Alipofika jukwaani aliketi palepale. Alikuwa Siwema.

Mama yake alimchukua mtoto kwanza, akamgeuza huku na huku kama anayekagua nguo, akahakikisha yote yapo. Ndipo akamgeukia binti.

"Umepandwa na wazimu? Daraja hilo hupita watu?"

"Ningefanyaje, Mama? Niliomba tikiti ya kuja nyumbani. Karani akapekua kitabu chake akaniambia hakuna stesheni hiyo, ameshaletewa orodha mpya, wakaguzi hata hawajapita. Nikamwambia ipo, mama yangu anauza chai pale." Alivuta pumzi. "Akaniambia, mama yako hayumo kwenye orodha. Basi nikakata tikiti ya kituo cha mwisho kabla ya hapa, nikaifuata reli kwa miguu."

Meneja alikuja mwenyewe. Aliangalia treni, akaangalia saa ya stesheni, akaiangalia na yake.

"Nani amesimamisha treni yangu?"

Lugendo alikuwa anahema. "Mimi."

"Kwa idhini ya nani?"

Lugendo alirudi kuokota kofia yake kwenye kokoto. Meneja alitikisa kichwa kwa huzuni, kama baba aliyeletewa ripoti mbaya ya shule, akanitazama juu ya ngazi. "Kesho asubuhi ubao huu uwe umeandikwa Rangibora. Fundi akishindwa, ninao wachoraji wangu."

Jioni, kabla jua halijazama, niliketi na Lugendo kwenye benchi. Nilimwuliza alichokuwa anafikiri wakati mabehewa yale manne yanapita.

"Nilikuwa natafuta neno," alisema. "La kumwambia meneja baadaye. Nikaona sina. Nikakimbia bila neno." Aliuonyesha ubao kwa kidole. "Unajua, fundi, miaka yote hii ningeweza kuandika jina lolote pale. Nani angenikataza? Niliogopa kukosea. Mtu akikosea jina la mji, ni nani atakayemsamehe? Mji mzima?"

Niliitoa kadibodi yangu, tukasoma yale majina kumi na moja. Kila moja lilikuwa kweli na kila moja lilimwacha mtu nje. Kwembago haikuwa na wafua nguo ndani yake. Majirangi haikuwa na Mbago. Rangibora ilikuwa na watu wote, lakini waliovaa sare tu, na mpaka siku watakapoivua.

Jina ni la nani? La anayeita, au la anayeitika?

Kama ni la anayeita, mimi ni Mwantumu, na Salha, na dada wa fundi viatu.

Kama ni la anayeitika, mji utaitikaje? Una mdomo gani?

Nililala na maswali hayo, na asubuhi mto ulikuwa mwekundu.

Wachoraji wawili wa kiwanda walikuja mapema na makopo yao. Nilikuwa nimeshapanda ngazi yangu, na nilikataa kushuka. Sikuwa shujaa. Sikuwa na jina la kuandika, na nilijua la kwao si lenyewe; ilikuwa ni udadisi tu uliokuwa umegeuka ukaidi. Walinisihi kwa heshima. Meneja alisimama pembeni na wasaidizi wake, hana haraka, maana wakaguzi walitazamiwa mchana, na mchana ulikuwa wake. Watu walianza kujaa jukwaani. Wafua nguo walikuja na mikono yenye madoa, wakulima wakavuka kwa mitumbwi, Siwema alikuwa pale na mtoto, mwalimu mstaafu alikuja na karatasi ameshika. Wote walizungumza kwa pamoja, kila mmoja akinipigia kelele jina lake kutoka chini, hata sikulisikia hata moja.

Treni ya wakaguzi ikatokea kwenye vilima. King'ora kilikuwa hakijalia. Wakaguzi walikuja na saa yao wenyewe.

Ilikuwa fupi, injini na behewa moja. Ilipunguza mwendo ilipofika jukwaani lakini haikusimama. Dirishani alikaa mwanamke wa makamo mwenye miwani, daftari mapajani, uso wa mtu aliyesafiri wiki nyingi. Aliutazama ubao mweupe. Akanitazama mimi juu yake na brashi kavu. Akashusha macho kwenye daftari, akashika rula apige mstari wa kufuta, na kwa mkono wa pili akampungia dereva aendelee.

Watu walinyamaza wote mara moja. Nilisikia magurudumu yakianza kuongeza mwendo.

Lugendo alikurupuka. Bendera nyekundu juu, akakimbia kando ya behewa, akilipiga ubavuni kwa kiganja.

"Ngojeni!" alipiga kelele. "Ngojeni! Ngojeni, jamani!"

Breki zikalia. Treni ilisimama dirisha likiwa mbele yake kabisa. Mkaguzi alitoa kichwa nje.

"Umesemaje?"

Lugendo hakuwa na pumzi. "Ngojeni," alisema.

Mkaguzi alirudisha rula mfukoni, akachukua kalamu. "Kwa ng, au kwa n peke yake?"

Nilimwona Lugendo akielewa. Jambo lenyewe lilimpanda usoni taratibu, kutoka kidevuni mpaka kwenye paji. Aligeuka kunitazama.

"Kwa ng," nilisema kutoka juu ya ngazi.

Meneja alisogea mbele. "Samahani, Bi Mkaguzi. Hilo si jina. Ni neno tu. Huyu alikuwa anakuomba usiondoke."

"Bwana, juzi nimeandika stesheni inayoitwa Mawe, na nyingine inaitwa Pole," mkaguzi alijibu. "Mimi naandika ninachoambiwa na mkuu wa stesheni." Akamgeukia Lugendo. "Mkuu wa stesheni ni wewe? Ndilo jina, au silo?"

Angeweza kusema silo. Ndiyo iliyokuwa kweli. Alimtazama meneja, akawatazama wafua nguo na wakulima, kisha Siwema na mtoto aliyelala. Alifunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, vyote.

"Ndilo," alisema. "Hapa ni Ngojeni."

Muhuri ukagongwa. Treni ikaondoka.

Halafu Bi Mwanakheri akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, akajishika kiuno. "Kumbe nimeishi Ngojeni miaka yote hii," alisema, "na hakuna aliyeniambia!" Wengine wakacheka naye, wengine hawakucheka. Mwalimu alikunja karatasi yake, akasema jina hilo halina historia yoyote. Mkulima mmoja akamjibu kwamba sasa inayo, ya dakika tano. Meneja aliondoka bila kuaga, na punde king'ora kikalia mara moja, asubuhi, muda wa kuingia kazini. Wafanyakazi waligeuza vichwa. Kisha wakanigeukia mimi, wapate kuona kwanza nikiandika, na hakuna aliyeondoa mguu.

Nilifungua kopo la rangi nyeusi. Niliivuta herufi ya kwanza polepole, nikashuka kuitazama kwa mbali.

"Hiyo inaitwaje?" Bi Mwanakheri alikuwa pembeni yangu.

"N, Mama."

"N," alisema. Akavua kandambili, akaishika ngazi. Lugendo alitaka kumzuia, kisha akaona bora aishikilie isiyumbe. Alipanda vipandio vinne, akaishika ile herufi kwa kidole, akaifuata kutoka chini hadi juu, juu hadi chini, chini hadi juu tena. Rangi ilikuwa mbichi. Iliburuzika nyuma ya kidole chake, ukingo wote wa kulia ukaharibika.

Alikitazama kidole, kisha akanitazama. "Nimeiharibu?"

"Hapana, Mama. Sogea kidogo."

Nikapanda upande wa pili wa ngazi na brashi yangu, na yeye hakushuka. Alibaki pale, kidole cheusi hewani, akitaka kuona ya pili inavyoanza.